Dawa ya upara hupakwa kwenye ngozi, si kwenye nywele

Barua nyingi za mwezi huu kutoka Tanga na Bagamoyo zinauliza kuhusu minoksidili, dawa ya kupaka ya upara wa kurithi. Tumechagua sita. Jibu la kwanza ni refu kwa sababu limebeba yale ambayo wengi mmeuliza.

SWALI: Asalaam alaykum. Nina miaka 31. Mapanja yamepanda na utosini nywele zimekuwa nyepesi, kama ilivyokuwa kwa baba na baba wadogo. Nimenunua minoksidili ya asilimia 5, chupa ya mililita 60 yenye kidondoshi. Dukani nimeambiwa tu "paka asubuhi na usiku". Naipakaje? Na je, nikitawadha haitoki?
*Msomaji, Makorora, Tanga*

JIBU: Waalaykum salaam, kaka. Kipimo ni mililita 1 kila unapopaka, mara mbili kwa siku. Kidondoshi kina mstari wa mililita 1. Vuta dawa hadi hapo, si zaidi. Kupaka mililita 2 kwa mkupuo hakuharakishi nywele, ila huongeza dawa inayoingia kwenye damu. Kwa kipimo hicho chupa yako inakwisha siku ya 30. Kwa hiyo kabla hujaifungua, zidisha bei yake kwa 12 uone kama mfuko utahimili, maana dawa hii inafanya kazi unapoitumia tu. Ukiacha, baada ya miezi mitatu au minne nywele ilizoziotesha huanza kukutoka.

Kichwa kiwe kikavu na ngozi isiwe na mafuta. Kosa tunaloliona sana huku pwani ni mtu kupaka mafuta ya nazi kwanza, kisha dawa juu yake. Hapo dawa inabaki inaelea kwenye mafuta. Tenga nywele kwa kitana hadi ngozi ionekane, dondosha kidogo kidogo kwa mistari kwenye eneo lililopungua, kisha sambaza taratibu kwa ncha za vidole. Ikitiririka kwenye paji la uso, ifute mara moja, la sivyo utaota nywele mahali usipopataka. Nawa mikono kwa sabuni. Usivae kofia mpaka ikauke, wala usiikaushe kwa mashine ya joto. Mafuta ya nywele, kama huwezi kuyaacha, yapake baadaye na kwa uchache, kwenye nywele zenyewe.

Nywele zikiwa fupi kazi ni rahisi zaidi, na kunyoa hakuharibu tiba. Tatizo ni wembe. Kinyozi akikuchubua, dawa hupenya kwenye mchubuko na kuingia mwilini kupita kiasi, tena inawasha vibaya. Subiri ngozi ipone ndipo uendelee. Na ukisahau kupaka, usifidie kwa kupaka mara mbili.

Kuhusu kutawadha, dawa inahitaji muda wa kama saa nne bila kuoshwa wala kuogelea. Paka baada ya swala ya Alfajiri. Hadi udhu wa Adhuhuri muda huo umepita zamani. Ya usiku ipake baada ya Isha, si wakati wa kuzima taa. Ukipanda kitandani saa nne usiku, imepata saa mbili za kukauka na haitahamia kwenye mto, halafu kutoka mtoni hadi shavuni. Kipindi cha kaskazi, jua la Tanga linapotoa jasho hata kwa aliyekaa kivulini, usipake ukatoka moja kwa moja kupanda bodaboda. Tulia ndani kwanza.

Ukiona chembe nyeupe kichwani baada ya dawa kukauka, huenda si mba. Ni dawa yenyewe iliyoganda baada ya majimaji kuruka. Ioshe kwa shampuu wakati wako wa kawaida wa kuosha. Lakini ngozi ikiwasha, ikawa nyekundu na kubanduka, mara nyingi mkosaji ni propilini glaikoli, kiyeyushio kilichomo kwenye dawa ya maji. Dawa ya povu haina kiyeyushio hicho. Povu nalo lina adha yake kwenye joto letu, kwani linayeyukia vidoleni kabla halijafika kichwani. Osha vidole kwa maji baridi, vikaushe, ndipo ulitoe.

Sasa matarajio. Utosi hujibu vizuri kuliko mapanja. Penye vinyweleo vyembamba, laini, pana tumaini. Palipong'aa miaka mingi, dawa haina cha kuamsha. Kinachopunguza nywele zako ni homoni iitwayo DHT, inayotokana na testosteroni. Mashina ya nywele yaliyorithi udhaifu kwa homoni hiyo husinyaa, kila nywele mpya ikitoka nyembamba na fupi kuliko iliyotangulia. Minoksidili haigusi DHT. Yenyewe hurefusha kipindi cha nywele kukua na kufupisha kile cha kupumzika. Piga picha ya utosi leo, kisha kila mwezi mahali palepale na kwa mwanga uleule. Hukumu itolewe baada ya miezi sita, si wiki ya tatu kwenye kioo cha bafuni.

SWALI: Nina wiki tano tangu nianze, na nywele zinakatika kuliko mwanzo. Nikipitisha kitana zinajaa. Nimeuziwa dawa feki?
*Msomaji, Ngamiani, Tanga*

JIBU: La hasha, si lazima iwe feki. Dawa ikiamsha shina lililokuwa limepumzika, nywele kuukuu iliyokuwa imeshikilia hapo husukumwa nje ili mpya ipite. Hali hii hutokea kati ya wiki ya pili na ya nane, kisha hutulia. Wengi huacha dawa wakati huohuo, wakapoteza nywele na pesa kwa pamoja. Vumilia. Ila zikiendelea kukatika kwa wingi baada ya wiki ya nane, au zikitoka kwa mabaka ya duara, muone daktari. Huenda huo si upara wa kurithi.

Hata hivyo suala la feki si la kupuuza. Nunua kwenye duka la dawa lenye kibali, chupa ikiwa na lakiri yake, namba ya toleo, tarehe ya kuisha muda na jina la mtengenezaji. Ile inayomiminwa kwenye vichupa visivyo na lebo iache, hata muuzaji akiapa. Ukishuku, peleka taarifa TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

SWALI: Mimi ni mama wa miaka 38. Nywele za pembeni zimeisha, hasa juu ya masikio, na huwa nasuka rasta au yeboyebo mwaka mzima. Shoga yangu amenipa minoksidili ya mumewe ya asilimia 5. Nitumie? Bado namnyonyesha mtoto.
*Msomaji, Magomeni, Bagamoyo*

JIBU: Dada, usitumie. Sababu ya kwanza ni huyo mtoto: dawa hii haitumiki kwa mjamzito wala anayenyonyesha. Ya pili ni kwamba maelezo yako hayafanani na upara wa kurithi. Kwa mwanamke upara wa kurithi huanza kwa mstari wa kati, ule wa kutenganishia nywele, kupanuka polepole, huku nywele za mbele kwenye paji zikibaki. Kuisha pembeni na juu ya masikio kwa mtu anayesuka mwaka mzima ni kazi ya kuvutwa. Ikiwa unaposukwa macho yanavutika na usiku huo unameza dawa ya maumivu ili ulale, basi ngozi imeshakupa jibu. Vipele vidogo kwenye mstari wa nywele ni onyo la mapema. Fumua. Kaa na nywele zako bila nyongeza kwa miezi kadhaa, usiweke dawa ya kulainisha, na ukirudi kusuka, mistari iwe minene na iliyolegea. Ukiwahi, zinarudi. Ukichelewa miaka, shina hugeuka kovu, na juu ya kovu hakuna dawa ya kupaka inayootesha kitu.

Pia kumbuka kuwa miezi miwili mitatu baada ya kujifungua nywele hupukutika kichwa kizima. Hilo hujitengeneza lenyewe. Huenda mambo mawili yamekukuta pamoja.

Kwa kina mama wengine wenye upara wa kurithi kweli, ambao hawana mimba wala hawanyonyeshi: ama ya maji ya asilimia 2, mililita 1 mara mbili kwa siku, au povu la asilimia 5, nusu ya kifuniko mara moja kwa siku. Kuota nywele usoni huwapata wanawake zaidi. Zikitokea, acha dawa. Nazo huondoka baada ya miezi kadhaa.

Kuna ugonjwa mmoja ambao tungependa kila anayesuka kichwa cha mwenzake aujue. Unaanza katikati ya utosi kwa mwanamke na kutanuka kwenda nje, wakati mwingine kwa kuwasha au kuuma, wakati mwingine kimyakimya. Ngozi inakuwa laini na vitundu vya nywele vinapotea. Huo unaacha kovu, na unataka daktari wa ngozi haraka, ambaye huenda akachukua kipande kidogo cha ngozi kukipima. Aliyeko Bagamoyo aombe rufaa kwenda Muhimbili; wa Tanga aanzie Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo. Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi.

SWALI: Nimesikia minoksidili ilikuwa dawa ya presha. Mimi natumia vidonge vya presha. Je, nikinywa kidogo hiyo ya chupa nitapata faida mbili?
*Mzee wa Pangani*

JIBU: Shikamoo mzee. Tafadhali usiinywe kabisa. Ni kweli ilianza kama kidonge cha presha. Wagonjwa walipoota nywele mwilini, wataalamu wakatengeneza ya kupaka, na Marekani iliidhinisha ile ya asilimia 2 mwaka 1988. Lakini piga hesabu: mililita 1 ya asilimia 5 ina miligramu 50, na kikomo cha vidonge kwa mtu mzima, tena chini ya uangalizi wa daktari, ni miligramu 100 kwa siku. Vijiko viwili vya chai vya hiyo chupa ni miligramu 500. Presha itaanguka, moyo utaenda mbio. Akiinywa mtoto, mkimbizeni hospitali mkiwa na chupa mkononi.

Hata ya kupaka, kwa kuwa una presha, mwulize daktari wako kwanza. Yeyote anayepata mapigo ya haraka, kizunguzungu, maumivu ya kifua, au miguu kuvimba, aache na aende kituo cha afya siku hiyohiyo.

SWALI: Nyumbani tuna paka wanne, na mmoja hulala mtoni kwangu. Nikipaka kuna shida? Halafu dawa ina spiriti, je, inafaa kwa Muislamu?
*Msomaji, Mji Mkongwe, Bagamoyo*

JIBU: Shida ipo, na ni kubwa. Minoksidili ni sumu kwa paka. Mwili wake hauwezi kuivunja kama wetu, na kiasi kidogo anachokiramba kwenye mto au kwenye nywele zako chaweza kumjaza maji mapafuni na kumuua. Paka aliyelegea na kuhema kwa shida apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kusubiri asubuhi. Ikiwa huwezi kumfungia nje ya chumba, tafuta tiba nyingine. Tone lililomwagika sakafuni lifute, na kitambaa ukitupe.

Spiriti imo, kwenye maji na kwenye povu pia. Ndiyo maana chupa haikai karibu na jiko. Hukumu yake waachie masheikh. Wapelekee chupa wasome viungo wenyewe.

SWALI: Mafuta ya mnyonyo na maji ya kitunguu je? Na vidonge vya finasteridi?
*Msomaji, Raskazone, Tanga*

JIBU: Mnyonyo hufanya nywele ulizonazo zing'ae na zisikatike ovyo, hauoteshi zilizopotea kwa kurithi. Kitunguu huunguza ngozi ya wengine, na ngozi iliyoungua haipakwi minoksidili.

Finasteridi ni habari nyingine. Huzuia kutengenezwa kwa DHT, kwa hiyo inagusa chanzo chenyewe, na kwa wanaume kipimo ni miligramu 1 kwa siku kwa maagizo ya daktari. Baadhi hupungukiwa na hamu ya tendo la ndoa. Hupunguza pia kipimo cha damu cha tezi dume, PSA, karibu nusu, hivyo unapopimwa mtaje daktari kuwa unaitumia. Mke mwenye mimba asiguse kidonge kilichovunjika, maana huweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume tumboni.