Msiniulize jina la dawa

Juzi usiku kaniandikia dada mmoja yuko Paje, analima mwani, ananambia "Da, nimesikia ile UTI yako sugu imekwisha, nitumie jina la dawa nikanunue asubuhi kabla maji hayajapwa." Sikumjibu usiku ule. Nimeilalia ile meseji mpaka alfajiri kwa sababu na mie UTI yangu, yaani maradhi ya njia ya mkojo, nilianza nayo hivyo hivyo, kwa kuuliza jina la dawa.

Msimu wa karafuu nilikuwa kwetu Pemba, tunachambua kutwa, umekaa juu ya jamvi, mkojo umekubana na kuinuka hutaki maana pishi bado hazijatimia. Siku ya tatu nikikojoa kunachoma kama nimepakwa pilipili. Jirani kanipa vidonge vinane vya amoksilini alivyobakisha mwanawe alipoumwa koo. Nikameza siku mbili, maumivu yakakata, viwili vilivyobaki nikavitia kwenye droo ya cherehani, nikasema hivi akiba.

Ikarudi. Nikenda dukani nikauziwa sipro, antibaiotiki nyingine, yaani dawa ya kuua bakteria, nikanunua kwa kadiri ya pesa iliyokuwepo mkononi, ikatulia, ikarudi tena. Halafu ukaanza muwasho na uchafu mweupe mzito kama mtindi, mie nikasema basi UTI imepanda, nikatafuta antibaiotiki nyingine yenye nguvu zaidi, na kila nikimeza muwasho unazidi. Miezi mitano jamani. Wifi yangu akasema barazani mbele za watu kwamba mwanamke anayejitunza haumwi maradhi yale. Nilikuwa ndani nakuna nazi, neno zima nimelisikia, na mpaka leo linaniuma. Kwa hiyo nalisema hapa hadharani: bakteria anayeleta UTI nyingi, E. coli, anaishi matumboni mwetu sote, msafi na asiye msafi, na njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi, sentimita 4 hivi, haimchukui safari ndefu kufika kwenye kibofu. Usikubali mtu akutie aibu kwa hilo.

Habari za boti na foleni naziruka. Mjini Unguja mkojo wangu ulioteshwa, yaani bakteria waliomo walikuzwa maabara waonekane ni gani, na majibu yalipotoka yule kijana wa maabara, Mola ampe kheri, akaniita kunionesha kisahani chenyewe. Bakteria wametanda juu yake kama utando wa uji uliopoa. Juu ya utando kuna vikaratasi vidogo vya duara, kila kimoja kimetiwa dawa yake. Kikaratasi kimoja kimezungukwa na duara safi, bakteria wameshindwa kuota pale. Cha sipro kina duara jembamba kama uzi. Cha amoksilini hakina kitu, utando umekuja mpaka umekigusa ukingo.

Nikamwambia labda mwili wangu umeshaizoea dawa. Akanambia hapana mama, mwili hauzoei, anayekuwa sugu ni kijidudu. Neno hilo ndilo lililonifungua macho, maana sote tunasema "mwili umezoea."

Sikilizeni alivyonieleza. Bakteria ana ukuta, sisi seli zetu hazina. Amoksilini inazuia ule ukuta usijengwe, maji yanaingia ndani, bakteria anapasuka, na seli zako haziguswi maana hakuna ukuta wa kuvunja. Sasa wapo bakteria wanaotengeneza kimeng'enya kinachoikata dawa kabla haijafanya kazi. Sipro yenyewe inakwenda kuvuruga vinasaba vyao, kuna wanaobadilisha pale inaposhika, na kuna wenye pampu, dawa ikiingia wanaitapika nje. Wachache wa namna hiyo huwa wapo tangu mwanzo. Unapomeza dawa kidogo kidogo unawaua wanyonge, wale sugu unawaachia uwanja mtupu, na E. coli akipata chakula na joto zuri anaweza kuzaliana kila dakika 20. Tena wanapeana, bakteria mmoja anampa mwenziwe kipande cha vinasaba chenye ule usugu, hata kama si wa jamii moja.

Na ule muwasho? Fangasi! Antibaiotiki zangu ziliwaua bakteria wema wanaolinda sehemu za siri, fangasi wakapata nafasi, na mie nawaongezea nafasi kila nikimeza. Ukuta wa fangasi umejengwa kwa vitu vingine kabisa, amoksilini haina cha kumfanya. Fangasi anafanana na sisi kuliko bakteria, ndiyo maana dawa zake si nyingi. Flukonazoli inamzuia asitengeneze mafuta fulani ya kwenye utando wake, yanaitwa ergosteroli, ambayo sisi hatunayo, sisi tuna kolesteroli. Na fangasi naye anajifunza, naye ana pampu zake.

Nilitibiwa vyote viwili, kila kimoja kwa dawa yake, alhamdulillahi mwezi wa nne huu siumwi. Najivunia, kwa sababu safari hii nilimeza kama nilivyoandikiwa, siku zote, saa zote, wala sikuweka akiba.

Fleming, yule mwanasayansi aliyegundua penisilini, antibaiotiki ya jamii moja na amoksilini, mwaka 1928, alipopewa tuzo ya Nobel mwaka 1945, alionya kwamba ikifika siku inauzwa madukani kwa kila mtu, watu watameza kidogo na vijidudu vitakuwa sugu. Siku hiyo ndiyo hii tuliyonayo, na siye tunagawiana vidonge kama sukari ya kuazima. Tuache, wanawake wenzangu. Unampa mwenzio dawa kwa mapenzi, lakini hujui anaumwa na nini.

Kwa hiyo wewe dada wa Paje, jina la dawa yangu sikupi, usinione mchoyo. Mdudu wako si wangu. Kesho uache mwani, nenda spitali kabla hujameza chochote. Mkojo wa mwanzo uuache upite, uukinge wa katikati kwenye kikopo safi utakachopewa, uwaambie unataka kuoteshewa, siyo kupimwa kwa kijiti tu. Kama una muwasho sema, usione haya. Kama una mimba sema mapema, maana flukonazoli ya kumeza si ya kujinywea tu. Na kama jana ulishameza kitu, wapelekee na pakti yake waione.