Inawaka, kisha inazimika

Swali: Fundi, mashine yetu ya gesi ya kupasha nyumba joto inawaka sekunde chache tu, inazimika, inajaribu tena. Nimebadilisha chujio la hewa, wapi! Tatizo nini?

Jibu: Naishuku sensa ya moto, kile kijiti chembamba cha chuma kinachokaa ndani ya mwali. Kikishika utando, mashine haiuoni moto, basi inafunga gesi. Zima umeme, funga gesi, kitoe, kisugue taratibu kwa waya laini wa kusugulia sufuria. Msasa mkali utakikwaruza. Kama ingekuwa inazimika baada ya dakika kadhaa, ningesema inazidi joto, ukague matundu ya hewa yaliyozibwa na fanicha. Lakini tafadhali, ukisikia harufu ya gesi usiguse swichi yoyote: tokeni wote, mpige simu mkiwa nje.