Mwanangu, iache nyama ikauke kwanza

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Umeniuliza kwa nini mchuzi wako wa nyama ya kusaga na mboga hutoka wa majimaji, nyama imepauka na viazi havilainiki, wakati vitu unavyotia ni vilevile ninavyotia mimi hapa Tanga. Nimefurahi umeuliza. Mtu anayerudi kutoka kazini jioni na baridi hiyo ya Mbeya ya mwezi wa saba anahitaji chakula kizito cha moto, na sipendi kabisa kusikia umelalia chai na mkate.

Shida yako kubwa iko kwenye nyama. Nyama ikishasagwa hutoa maji upesi, na ikiwa ilikuwa imegandishwa hutoa mengi zaidi. Ukiitia yote kwa mpigo kwenye sufuria ndogo, tena kwa moto mdogo, baada ya muda mfupi inaogelea. Hapo hukaangi, unachemsha. Maji yakiwemo sufuriani, joto halipandi kupita pale yanapochemkia, na nyama haishiki rangi ya kahawia mpaka joto lipite kama nyuzi 140. Rangi hiyo ndiyo inayobeba ladha ya mchuzi mzima. Nahisi wewe ukiyaona yale maji unatia nyanya papo hapo. Usitie.

Chukua sufuria pana, tia mafuta kijiko kimoja, moto uwe mkali, kisha tandaza nusu kilo ya nyama. Sikiliza. Mwanzo utasikia inatokota kwa sauti nzito. Maji yakiisha sauti inakuwa nyembamba, inachachatika, na mafuta ya nyama yenyewe yanaanza kung'aa pembeni. Hapo mkono utakuwasha kutaka kukoroga, uzuie. Iache chini ishike rangi, ndipo uigeuze kwa mwiko na kuvunja mabonge. Ukiona ukoko mwembamba wa kahawia umeshika chini ya sufuria, usihangaike, kitunguu kitaubandua. Wengi huanza na kitunguu, lakini kwa nyama ya kusaga mimi hutanguliza nyama, kwa sababu kitunguu nacho kina maji yake.

Sasa tia vitunguu maji viwili vilivyokatwa vidogo, vikilainika tia kitunguu thomu na tangawizi vilivyotwangwa, na kijiko kidogo cha bizari nyembamba. Visiungue.

Viazi navyo vina habari yao. Hapa Tanga tuko baharini, maji yanachemka kwa nyuzi 100. Wewe uko juu kiasi cha mita 1,700, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Yanatokota vilevile kwa macho, lakini joto ni pungufu, kwa hiyo viazi vinataka muda mrefu kuliko ulivyozoea kuniona nikivipika. Tena nyanya zina ukali unaozuia viazi kulainika. Basi tanguliza viazi vitatu vya wastani na karoti mbili, vipande vidogo vya saizi moja, mimina maji ya moto yavifikie tu, funika, punguza moto. Wakati huohuo kaanga nyanya nne kwenye kikaango cha pembeni mpaka mafuta yajitenge. Kisu kikipita kwenye kiazi bila kubishana, changanya nyanya hizo na njegere, acha bila mfuniko mchuzi uwe mzito. Hoho mwisho kabisa, na kotmiri ukishazima moto. Chumvi ionje mwishoni, maana mchuzi unapopungua maji chumvi huzidi. Kamulia ndimu kidogo kwenye sahani yako.

Na buchani usikubali nyama iliyokwisha sagwa tangu asubuhi. Chagua kipande cha mguu chenye mafuta kidogo, wakusagie ukiwa umesimama pale. Vijidudu vilivyokuwa juu ya kipande, kikisagwa, vinaingia mpaka ndani. Ndiyo maana nyama hii ipikwe siku hiyohiyo au kesho yake, na isibaki nyekundu hata kidogo. Kama huna nafasi ya kupika, igandishe.

Kula na wali. Mchele wa Kyela uko karibu nawe, sisi huku tunausubiri uje kwa lori. Ukibaki mchuzi, kesho yake uupashe moto mpaka uchemke, ukauke, uujaze kwenye chapati uende nao kazini.

Baba yako anakusalimu sana. Siku utakayopika, nipigie picha ya sufuria kabla hujatia viazi, niione hiyo nyama.

Mama yako