Mvua Ikianza Usiku na Wewe Unalala Mlimani

Kijana wa Bukavu akisema anaogopa mvua, wakubwa walikuwa wanamcheka. Tangu Mei 2023, mafuriko yalipofagia Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe, watu zaidi ya 400 wakafa, kicheko kimepungua. Na sisi wa Kadutu, hapa Bukavu, tunalala kwenye mteremko, nyumba juu ya nyumba. Hofu hiyo ina haki yake.

Kwa hiyo sitakuambia upumue polepole. Ujue kwanza mlima wako. Nyufa zinafunguka ardhini, mlango uliokuwa unafunga vizuri sasa unakwama, mti umeanza kuinama, maji ya tope yanachuruzika pahali palipokuwa pakavu: ukiona hayo, tokeni, msingoje asubuhi. Patana na mama na wadogo zako mapema mtakimbilia kwa nani. Nilipoyajua haya mvua haikupungua, ila usingizi ulirudi.

Hofu nyingine ni ya simu. Unatazama barafu inayeyuka, misitu inawaka, hadi saa nane usiku, mwisho unajiona si kitu. Mwaka 2021 jarida la Lancet Planetary Health lilitoa uchunguzi wa vijana 10,000 wa nchi 10, na asilimia 59 walisema wana wasiwasi mkubwa juu ya mabadiliko ya tabianchi. (Kongo haikuwamo. Wangetuuliza, wangesikia!) Basi hauko peke yako. Wala usijibebeshe kosa la dunia nzima: ukiacha ukataji wa misitu, hewa chafu anayotoa Mkongo mmoja ni miongoni mwa ndogo kabisa duniani. Misitu inayokatwa ili tupate makala (mkaa wa kupikia), hiyo ni hesabu yetu, tuikubali.

Kujiamini kwangu kulitoka kwenye salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa. Mfereji wa avenyu yetu ulikuwa umejaa chupa za plastiki. Zikishuka ziwani, maji huzisukuma hadi mto Ruzizi, zinajazana kwenye bwawa la umeme, mashine zinasumbuka, na sisi tunakaa gizani tukilaumu watu wa umeme. Nilimweleza shefu wa avenyu safari yote ya chupa moja, kuanzia mlangoni pake. Yeye aliyezoea kutuita "hawa watoto" alinyamaza akasikiliza, na siku hizi mkutano ukiwapo ananiita.

Chagua nawe kitu kimoja cha karibu, ukijue vizuri. Hata mvua yenyewe: chukua chombo chenye ubavu ulionyooka, kiweke uwanjani, kila asubuhi pima kwa rula, andika kwenye daftari. Ukisimama kuongea una la kusema, na sauti haitetemeki sana. Itatetemeka kidogo, yangu bado.

Usingizi ukipotea wiki baada ya wiki, hata kiangazi cha Julai mvua haipo, hapo tatizo limeshapita mvua. Ongea na yaya (kaka au dada mkubwa) unayemwamini, au nenda SOSAME, hospitali ya afya ya akili ya hapa Bukavu. Jirani watasema kule ni kwa vichaa. Waache waseme.