Walimu tarajali wa Kiingereza, kinachoangusha kipindi si matamshi

Muulize mwalimu tarajali wa Kiingereza kama yuko tayari kwenda BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, ataanza kukagua Kiingereza chake mwenyewe. Sarufi anaiamini, matamshi ndiyo hofu. Hofu ina sababu, maana kwa mtu aliyezoea irabu tano za Kiswahili, "ship" na "sheep" hutoka mdomoni kama neno moja. Lakini kipindi huanguka kwenye maelekezo.

Chukua somo la "Have you ever". Mwalimu anasimama mbele ya wanafunzi 70 wa Kidato cha Pili: "I would like you to get into pairs and discuss some experiences you have had." Kimya. Anarudia kwa sauti kubwa zaidi, anakimbilia Kiswahili, dakika nane zimekwenda. Andika maelekezo neno kwa neno kwenye andalio la somo, kila sentensi na kitendo chake: "Turn to your deskmate. Ask three questions. Write yes or no." Igiza kwanza na mwanafunzi mmoja, ndipo uwaachie. Na usiulize "Do you understand?" Wataitikia "Yes" darasa zima, hata aliyekuwa anasinzia. Uliza "How many questions?"

Kipindi ni dakika 40. Kufuta ubao na kutuliza darasa hula tano, kwa hiyo andalio linalojaza zote 40 hukatikia kwenye mazoezi, palepale wanafunzi walipotakiwa kuzungumza. Tenga kwanza dakika 15 za midomo yao, sarufi ipate kinachobaki. Mwalimu mwenyeji akiridhia, rekodi kipindi kwa simu, jioni uhesabu dakika ulizozungumza wewe. Zikizidi 20, kata maelezo, si mazoezi.

Kuhusu kazi yenyewe, wengi hujiona walimu wa somo moja. Sivyo. Mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili anaingia Kidato cha Kwanza na kukuta baiolojia na jiografia kwa Kiingereza. Omba mitihani ya nyuma kwa walimu wa masomo hayo, ukusanye vitenzi vya maswali: "state", "describe", "explain", "differentiate". Anayeijua seli vizuri lakini akaorodhesha sehemu zake pale alipoambiwa "explain" anapoteza alama za baiolojia kwa sababu ya Kiingereza. Fundisha vitenzi viwili kwa wiki, kila kimoja na swali lake la mtihani ubaoni.