Ofisi zikihamishwa, karatasi zako shika mwenyewe: kwa anayetafuta leseni ya udereva Mwanza

Kila mara hawakosi vijana wa kuniuliza, "Kaka, leseni naanzia wapi?" Wengine wa Buhongwa, Igoma na Kisesa, wengine wamevuka maji kutoka Ukerewe. Karibu wote wameshakutana na mtu nje ya geti aliyewaambia mambo yamebadilika, kituo kimehama, watoe hela awashughulikie. Mimi nimeendesha Hiace, nikahamia Kosta, na sasa nawasimamia madereva wa tajiri mmoja hapa mjini. Nimeshaona taratibu zikibadilishwa mara kadhaa, na ushauri wangu haujabadilika: jua ofisi ipi inafanya nini, na usikubali mtu asimame kati yako na dirisha.

Shule ya udereva inakufundisha, basi. Anayekupima ni polisi wa usalama barabarani kupitia mkaguzi wa magari, na ukifaulu unapata cheti cha umahiri. TRA, watu wa mapato, ndio wanaopokea malipo, wanakupiga picha, wanachukua alama za vidole na kukupa kadi. Ukitaka kubeba abiria, LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, nao wana mtihani wao wa kuthibitisha madereva, na unafanyika kwenye kompyuta. Anayekuambia ofisi moja inamaliza yote hayo kwa siku moja anakudanganya.

Mkanganyiko huu una historia. Mwaka 2010 zilipokuja leseni za kadi zenye alama za vidole, madereva wengi wa abiria walijikuta hawana cheti cha mafunzo ya magari ya abiria, wakaanza kutafuta nafasi VETA na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji. Kisha SUMATRA, iliyosimamia usafiri wa nchi kavu na wa majini pamoja, ikagawanywa: mambo ya majini yakawa ya TASAC, shirika la meli, na mwaka 2019 LATRA ikachukua nafasi yake upande wa nchi kavu. Sisi wa ziwani tuliliona hilo kwa karibu kuliko watu wa bara. Kuna wenye mali hapa wana Hiace mbili na boti moja, na waliyazoea majengo yale yale kwa shida zote. Ghafla gari likawa na ofisi yake na boti ina ofisi yake. Kugawanya kazi hizo ilikuwa sahihi kabisa, kwa sababu anayejua breki za basi si lazima ajue maboya. Lakini kila panapotokea mabadiliko ya namna hiyo, kabla watu hawajaelewa njia mpya, vishoka wanakuwa wameshakaa getini.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Kijana wa dada yangu alitoka Nansio, kule Ukerewe, kwa meli, amelala kwa ndugu, asubuhi akafika pale alipoambiwa anakwenda kupimwa. Akaambiwa siku hiyo mkaguzi hayupo, yuko wilaya nyingine, na kwamba majaribio ya watu wa kundi lake yamehamishiwa sehemu nyingine. Hakukuwa na tangazo ukutani wala ujumbe wa simu. Nauli imekwenda, siku mbili za kazi zimekwenda, na leseni yake ya kujifunzia inaendelea kuhesabu, maana ile ni ya miezi 3 tu. Kwa mtu wa Nyakato kurudi kesho ni nauli ya daladala. Kwa mtu wa kisiwani kurudi kesho ni safari nyingine ya ziwa.

Kwa hiyo wanaopanga vituo hivi nawaomba wapime kwa maji pia. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, mtu wa Sengerema hasubiri tena foleni ya kivuko, na najua hoja itakuja kwamba basi wote waje mjini, kituo kiwe kimoja chenye vifaa vizuri. Kwa Sengerema hoja hiyo ina uzito. Kwa Ukerewe haina, kwa sababu huko bado ni meli, au kuzunguka kwa Bunda na kuvuka kivuko cha Kisorya. Kituo kimoja kizuri mjini ni sawa, ila mkaguzi awe na siku inayojulikana ya kwenda Nansio, na siku hiyo ibandikwe kwenye ofisi za kata. Haidai jengo jipya. Inadai ratiba na mtu wa kuiheshimu.

Mpaka hilo litokee, fanya hivi. Kabla ya kupanda meli au gari, mwombe mwalimu wa shule yako apige simu mbele yako kuthibitisha siku na mahali pa kupimwa. Mbele yako, narudia, asikwambie tu "nimeshaongea nao". Namba ya malipo itoke kwenye mfumo wa TRA na ulipe mwenyewe kwa simu yako, risiti ibaki kwako. Mara ya mwisho mimi kulipa, leseni ilikuwa shilingi 70,000 kwa miaka 5. Zamani ilikuwa 40,000 kwa miaka 3. Mtu akikutajia laki mbili na nusu, muulize hiyo nyingine inakwenda wapi.

Majina nayo yanawasumbua sana vijana wa huku kwetu. NIDA wameandika Mabula, cheti cha shule ya udereva kimeandika Mabhula, na TIN, namba yako ya mlipakodi, imefuata NIDA. Kwako ni jina moja, kwa mfumo ni watu wawili. Rekebisha mapema, kwenye cheti cha shule, ambako ni rahisi.

Kuhusu jaribio lenyewe, wanaofanyia mazoezi uwanja wa tambarare peke yake wanajinyima. Mwanza ni milima na mawe. Mwambie mwalimu akupeleke mwinuko wa kuelekea Bugando, saa ambayo magari si mengi. Simama katikati ya mlima, hendibreki juu. Kanyaga klachi, weka gia namba moja, ongeza mafuta kidogo, kisha achia klachi polepole mpaka usikie injini imebadili sauti na pua ya gari imenyanyuka kidogo. Tuliza mguu hapo hapo. Sasa ndipo ushushe hendibreki. Gari likirudi nyuma hata hatua moja, anza upya. Ukiweza hapo bila mikono kutetemeka, mlima wowote utakaopewa utaumudu.

Wanaotaka kuendesha abiria, msirukie daraja la leseni. C1 ni ya gari la abiria 15 hadi chini ya 30, Kosta ziko humo, na inataka uwe umekaa na daraja D, lile la gari dogo la binafsi, angalau miaka 3. C ya basi kubwa inataka miaka mingine 3 juu ya C1 au E, ile ya magari makubwa yasiyo ya abiria. Najua tajiri anakuharakisha, njia ya Nyegezi–Airport ina hela na dereva wake kaacha kazi jana. Ajali ikitokea ukiwa na daraja lisilo lako, tajiri huyo hutamwona polisi, na bima inaweza kukataa kulipa. Mimi dereva wa namna hiyo simkabidhi funguo, hata akiwa ndugu.

Siku ya kuchukua kadi, usiondoke dirishani kabla hujasoma jina, tarehe ya kuzaliwa, herufi za madaraja na tarehe ya mwisho. Kosa likionekana ukiwa bado umesimama pale, lirudishe hapo hapo. Halafu piga picha kadi pamoja na cheti cha umahiri, mtumie mzazi au mke wako picha hizo, na cheti chenyewe kiache nyumbani.