Sumu ya oganofosfeti: mapigo yamefika 130, tuache atropini?

SWALI: Mgonjwa wetu, mwanamume wa miaka 34, amekunywa kiuatilifu cha oganofosfeti. Anatoka povu, mboni zimekuwa ndogo mno, oksijeni ya damu ni 82% akiwa kwenye maski ya lita 15. Tumempa atropini mg 4 kwa jumla, mapigo yakafika 130, tukaacha. Kifua bado kinakoroma. Tufanyeje?

JIBU: Endeleeni na atropini, dawa inayokausha majimaji ya kifua, tena haraka. Mapigo ya 130 yanaweza kuletwa na kukosa oksijeni, upungufu wa maji au sumu yenyewe. Hayatoshi kuwafanya mwache dawa. Kinachomuua sasa ni maji yaliyojaa kwenye njia za hewa.

Anzeni na mg 2 kwenye mshipa, kisha zidisheni mara mbili kila baada ya dakika 5: 4, 8, 16. Simameni kifua kikiwa safi, makwapa yamekauka, mapigo yako juu ya 80 na presha (namba ya juu) imevuka 80. Msisubiri mboni zitanuke sana. Akifika hapo, mpeni kwa dripu, kwa kila saa moja, 10 hadi 20% ya jumla ya dozi iliyomtuliza. Ikiwa ni mg 30, basi mg 3 hadi 6 kwa saa. Akianza kuweweseka, akapata homa na sauti za tumbo zikanyamaza, dawa imezidi: simamisheni dripu, kisha irudisheni kwa takriban 70 hadi 80% ya kasi ya awali.

Makwapa yakikauka lakini upande mmoja wa kifua bado unakoroma, huenda amevuta matapishi au kiyeyushi cha dawa hiyo. Hapo kuongeza atropini hakusaidii.

Oksijeni isipopanda, au akizidi kusinzia, mwekeni mpira wa kupumulia kooni. Epukeni suksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli wakati wa kuweka mpira: sumu hii inazuia kimeng'enya kinachoivunja, kwa hiyo misuli hulegea kwa saa nyingi. Tumieni rokuroniamu kama ipo. Mapafu yakiwa yameharibika pande zote, pumzi ya mashine iwe ml 6 kwa kila kilo ya uzito unaokadiriwa kwa urefu, si wa mizani (mwanaume wa sm 170 ni takriban ml 400), na shinikizo la mapafu mwisho wa kuvuta pumzi lisivuke sm 30 za maji.

Kosa linalorudiwa sana ni kumhamishia wodini mapema. Kati ya saa 24 na 96 misuli ya kupumua inaweza kulegea ghafla ingawa kifua ni kikavu, na atropini haizuii hilo. Kila zamu imwambie ainue kichwa kutoka kwenye mto. Akishindwa, mashine ya kupumulia iwe tayari kando ya kitanda.